Kifundo cha Sikudhani na Somo Yake

Katika nchi zote nilizopita na robota langu la kanga, hakuna iliyonipokea kwa swali la ajabu kama Kiini. Mlinzi wa lango hakuniuliza natoka wapi wala nimebeba nini. Alichungulia nyuma yangu, akachungulia tena, kisha akasema, "Mwenzako yuko wapi?"

Nikamjibu kwamba mume wangu alifariki mwaka wa juzi.

"Sikuulizi mume. Nauliza pacha wako."

Nikamwambia nimezaliwa peke yangu. Akanitazama kwa ile huruma niliyoizoea tangu nikae eda, huruma ya mtu anayetaka upite upesi asije akalazimika kukuhurumia tena. Akafungua lango. Jina langu ni Mize, lakini tangu saa ile hadi naondoka, watu wa Kiini waliniita Mmoja.

Kiini ni nchi ya duara, imezungukwa na ukuta mwembamba wenye matundu. Watu wake hutembea wawili wawili. Kila mtu ana pacha wake, wamefungwa pamoja kiunoni kwa mshipi, na wanafanana mpaka kovu la gotini. Husema pamoja, hupiga chafya pamoja, hugeuka pamoja wakiitwa. Ukimuuliza mmoja jina, wote wawili hujibu, nao hawaoni kwamba wamekuwa wawili. Nilipowaona nikafurahi kibiashara, maana kanga huuzwa doti, vipande viwili sawasawa. Nikadhani hapa nitauza mpaka robota liishe. Sikuuza hata moja. Watu wa Kiini hawavai ila ukanda mrefu waliozaliwa nao, umewazunguka kuanzia shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu, na yote yaliyo mtu yamefumwa humo. Kuna mahali pa kimo, mahali pa hasira, mahali pa rangi ya macho, mahali pa sauti. Ukikata mahali pa hasira, mtu huyo hakasiriki tena; wala hakumbuki kwamba aliwahi kukasirika.

Koo zao ni ishirini na tatu, na kila ukoo una watu wawili tu: mmoja wa Kuukeni, ambaye ukanda wake ulitoka nchi ya mama, na mmoja wa Kuumeni, ambaye wake ulitoka nchi ya baba. Hao wawili, isipokuwa wa ukoo mmoja, wana jina moja, kimo kimoja, na kanda zao zimepangwa kwa taratibu ileile, mahali kwa mahali, ingawa nyuzi hutofautiana. Huitana somo. Kwetu somo ni mtu wa kuambiana siri. Kwao, somo hawasalimiani.

Nililazwa kwa mwanamke wa Kuukeni aitwaye Sikudhani, yeye na pacha wake. Nitamsema kama mtu mmoja mpaka pale ambapo haitawezekana. Alikuwa mtaratibu, mpole, mwenye kusafisha sufuria ambayo tayari ni safi. Kila jioni alikaa uani akaimba wimbo mmoja, mdomo wa kulia na mdomo wa kushoto kwa sauti moja. Ulikuwa wimbo wa mama akimwita mtoto arudi nyumbani kabla mvua haijashuka kilimani. Mamaye alikuwa amefumwa nao, na mama wa mamaye.

Jioni ya kwanza, wimbo ulipokwisha, nikasikia upande wa pili wa ukuta mtu akicheka. Kilikuwa kicheko kikubwa, kilichoanzia tumboni, kisichojali nani anasikia.

"Nani yule?" nikauliza.

"Sijui," akasema Sikudhani. Akasugua sufuria. Baadaye akasema, "Ni somo yangu."

"Mnaishi ukuta mmoja?"

"Tangu ukuta ujengwe."

"Na hamjuani?"

Akanitazama kana kwamba nimemuuliza kama anafahamiana na mwezi. Siku iliyofuata nikamuuliza Bwana Shaame, Msimamizi wa Kamba, ambaye ndiye ofisa mkubwa katika nchi ile, ni sheria gani inayowakataza masomo wasisalimiane. Bwana Shaame alikuwa mtu mwembamba, mwenye adabu, hana ukanda wala pacha. Nilimpenda kwa hilo.

"Hakuna sheria," akasema. "Ila hakuna aliyewahi kuanza."

Nilikaa Kiini wakati mtulivu ukielekea ukingoni. Kisha pepo za Majira ya Kukunjana zikafika. Watu waliokuwa warefu, waliojitandaza ovyo katika vibaraza vyao, wakaanza kukunja kanda zao, mkunjo juu ya mkunjo, wakawa wafupi na wanene, wenye kujibeba kwa uangalifu kama watu waliovaa nguo za sikukuu. Bwana Shaame akapita nyumba hadi nyumba kutangaza amri ambayo kila mtu aliijua na hakuna aliyeizungumzia: kila mtu aende kwa somo yake, walazane ubavu kwa ubavu, mahali kwa mahali, wabadilishane walau kipande kimoja cha ukanda. Baada ya hapo watatenganishwa kwa kamba, mmoja kwenda Mashariki na mwingine kwenda Magharibi, wasionane tena.

Nilimuuliza kwa nini. Akanieleza bila haraka, kama mtu anayesoma jambo lililoandikwa ndani ya paji la uso wake. Kiini haiishi kwa ajili yake. Nusu moja ya watu wake siku moja itakutana na nusu ya nchi nyingine ya mbali, na hizo nusu mbili zitakuwa nchi mpya kamili. Wakienda wote, nchi ijayo itakuwa na watu mara mbili, na ifuatayo mara nne, mpaka pasiwe na nafasi ya kuvuta pumzi.

"Kwa hiyo mnawakutanisha ili muwatenganishe," nikasema.

"Ndiyo, dada Mmoja."

"Mngewaacha bila kuwakutanisha si ingekuwa nafuu kwao?"

"Hilo tulilijaribu," akasema.

Maana yake niliijua siku alipomtembelea Sikudhani, kwa sababu Sikudhani alikuwa amekataa. Mlango wake ulikuwa umekomewa, mimi ndiye niliyemfungulia Bwana Shaame, na Sikudhani ameketi uani, mikono ya mapacha wote wawili imeshika mahali pa sauti pa ukanda, karibu na bega. Hakutaka mkasi wa kukata kile kipande cha kubadilishana upite pale. Na kwa kuwa wakataji hufungwa macho wasije wakachagua, na mkasi huangukia popote, hakutaka upite popote.

"Bibi Sikudhani," akasema Bwana Shaame akiwa amesimama, maana hakukaribishwa kiti, "pale panapokatwa ndipo panapofungwa kifundo kati yako na somo yako. Kifundo hicho ndicho kinachowashika pamoja kamba zikija. Kamba moja itakuvuta wewe Mashariki, nyingine imvute yeye Magharibi, na kifundo kinakaza. Nikiona kimekaza najua kila mtu ana upande wake. Pasipo kifundo, mtaelea. Sitajua mmeshikwa na nani."

"Na tukielea?"

"Palikuwa na jozi iliyokataa kama wewe. Kamba zilipovuta, wote wawili wakaangukia upande mmoja. Nchi iliyozaliwa upande ule ilikuwa na mtu wa ziada. Iliishi, na watu wake walipendana sana, lakini njia yao ilikuwa na mawe ambayo wengine hawakuyapata. Na ile ya upande wa pili, iliyokosa mtu..." Akatazama mikono yake. "Ile haikufika mahali."

Bwana Shaame akaondoka kwa adabu, na mimi nikabaki nimeshika kikombe cha chai kilichopoa. Ni kweli nilimhurumia Sikudhani, lakini niseme ukweli wote: nilimwonea wivu pia. Alikuwa na kitu cha kukataa kupoteza.

Adhuhuri ile ile, mtu akabisha.

"Hodi."

Sikudhani akakauka. Hakuna mtu aliyewahi kubisha mlango ule kwa sauti ile. Nayo ilikuwa sauti yake mwenyewe, ila nzito kidogo. Yule wa nje akasema tena, "Hodi." Mimi nimelelewa na mwanamke ambaye asingeacha hodi ipite bila jibu hata nyumba ikiwa inaungua, kwa hiyo nikasema, "Karibu," nikaenda kufungua komeo.

Akaingia yeye na pacha wake, Sikudhani wa Kuumeni. Nitamwita Somo, kama yule mwenzake alivyomwita. Kimo kilekile, mabega yaleyale. Wakakaa wakitazamana, nyuso nne, na hakuna aliyejua pa kuweka macho.

"Bwana Shaame anasema hutaki," akasema Somo.

"Sitaki."

"Ni kwa sababu ya ule wimbo?"

Sikudhani akanyanyua kichwa. "Umeujuaje?"

"Ukuta wenyewe mwembamba, somo. Kila jioni huacha mwiko sufuriani nikakusikiliza. Ukifika pale mvua inaposhuka kilimani unavuta pumzi kidogo. Nimeunguza ugali mara nyingi sana kwa ajili ya pumzi ile."

Sikudhani akasema, polepole, "Mimi nilikuwa nakusikia ukicheka. Nikadhani una wageni kila siku. Nikawa nasema, huyu ana watu."

"Sijapata kuwa na mgeni. Nilikuwa nacheka peke yangu. Ni kicheko cha baba yangu, hakingoji watu."

"Mbona hukubisha hodi?"

"Mbona wewe hukubisha?"

Nikajifanya natafuta kitu jikoni. Niliporudi walikuwa hawajasogea, lakini Sikudhani alikuwa ameondoa mikono begani.

"Mkasi ukiangukia pale," akasema.

"Ukiangukia pale," akasema Somo, "nitautunza. Siwezi kukuahidi zaidi ya hapo. Sijui huko niendako watu wanapenda nyimbo au hawapendi."

Wakalazana jioni ile, ubavu kwa ubavu, mahali pa kimo juu ya mahali pa kimo, mahali pa hasira juu ya mahali pa hasira. Wakataji wakaja, vitambaa vimefunga macho yao. Sheria yao ni kwamba hukatwa ukanda wa pacha mmoja tu kila upande, na wa pacha wa pili huachwa kama ulivyo. Mkono wa mkataji ukatembea hewani, ukashuka juu ya ukanda wa Sikudhani wa kushoto. Ukaangukia mahali pa sauti.

Wakakata. Upande wa Somo, mahali pale pale, kwa pacha wake mmoja, hapakuwa na wimbo bali kicheko. Waunganishi wakashona huku na huku: wimbo ukaenda Kuumeni, kicheko kikaja Kuukeni, na nyuzi zikabaki zimepishana katikati kama vidole vya watu walioshikana mikono. Hicho ndicho kifundo.

Na hapo ndipo siwezi tena kumsema Sikudhani kama mtu mmoja. Yule wa kulia alifungua mdomo akaimba mstari wa kwanza, kisha akanyamaza kwa hofu, kwa kuwa kwa mara ya kwanza katika maisha yake alisikia sauti yake peke yake. Yule wa kushoto alikuwa anamtazama kwa uso wa mtu anayesubiri kuelezwa. Kisha akacheka. Kilimtoka tumboni, kikubwa, cha mwanamume aliyekufa zamani katika nchi nyingine, naye akaziba mdomo kwa mikono miwili. Upande wa pili mmoja wa kina Somo alikuwa ameshaanza kuimba. Akafika pale pa mvua, akavuta pumzi.

Wakakaa wamekumbatiana muda mrefu kuliko kazi nyingine yoyote ya nchi ile. Bwana Shaame aliniambia ziko nchi ambamo hukaa hivyo hivyo miaka na miaka, wasichana wakawa watu wazima, kabla kamba hazijaja. Mji mzima ulikuwa ndani, kila mlango umefungwa, kila mtu na somo yake. Nilitembea mitaani nikisikia minong'ono tu. Nilikuwa nimezoea kuwa peke yangu kati ya watu walio peke yao. Nilikuwa sijajua uzito wa kuwa peke yako kati ya watu waliokumbatiana. Nilipika, nikala, nikaosha sahani yangu moja. Kwa Sikudhani nilisikia wakiongea mambo madogo: kama maharage hutiwa chumvi mwanzoni au mwishoni, mbwa gani aliyekuwa akilia upande upi, nani aliyetupa maganda ya ndizi juu ya ukuta mwaka ule. Hawakusema jambo kubwa hata moja. Walikuwa na umri mzima wa mambo madogo ya kumaliza.

Kabla ya kamba, Baraza likakutana Uwanja wa Kati kujadili jozi zielekee vipi. Kila jozi ikisimama katika mstari wa katikati, mmoja hutazama Mashariki na mwingine Magharibi, na anakotazama ndiko atakakokwenda. Desturi ni kwamba kila jozi huzungushwa na mzungushaji aliyefungwa macho, na atakavyowaacha ndivyo watakavyokuwa. Wala jozi moja haiathiri nyingine. Bwana Mwinyikai, kiongozi wa chama cha Wasafi, alitaka desturi hiyo ifutwe. Yeye ni wa Kuukeni, na hoja yake ilikuwa kwamba watu wote wa Kuukeni waelekee Mashariki kwa pamoja, wa Kuumeni wote waende kwao Magharibi, ili nasaba isichafuke.

Alihutubu vizuri. Shida ilikuwa moja: alikuwa bado amefungwa kifundo na somo yake, kwa hiyo somo yake ilimbidi asimame naye jukwaani muda wote, akipiga miayo. Na kwa kuwa mkasi ulikuwa umeshapita mahali pa lafudhi pa yule pacha aliyehutubu, Bwana Mwinyikai alihimiza usafi wa Kuukeni kwa matamshi ya Kuumeni matupu.

"Sisi si watu wa kuchanganyika!" akasema, na herufi zote zikatoka upande wa pili.

Hakuna aliyeonekana kugundua. Watu waliitikia kwa vichwa. Ila kutoka nyuma ya mkutano kikasikika kicheko kikubwa, cha tumboni, na watu wakageuka wakamwona Sikudhani wa kushoto akijitahidi kukimeza. Pacha wake wa kulia alikuwa mnyamavu, macho yameinama, amesogea mbali naye kadiri mshipi ulivyoruhusu.

Mzee mmoja wa Baraza akamjibu Bwana Mwinyikai kwamba wakienda wote wa upande mmoja pamoja, watazaa tena nchi ileile ya zamani, nayo ilikwisha kuishi. Mwingine akauliza ni haki gani hiyo inayoachia kizunguzungu cha kipofu maisha ya watu. Mwingine akasema bahati angalau haina shemeji. Baada ya maneno mengi Baraza likaazimia, kama linavyoazimia kila majira, kuunda kamati ya kulichunguza suala hilo. Wakati kamati inachaguliwa, wazungushaji walikuwa wamekwisha maliza kazi yao. Bwana Mwinyikai alijikuta anatazama Mashariki, na jirani zake wa kulia na kushoto wakiwa wa Kuumeni.

Ukuta wa Kiini haukubomolewa. Ulikuwepo, kisha haukuwepo, na nje yake palikuwa na uwanda mpana wa kijivu, bila mti. Kutoka ncha mbili za uwanda kamba zikaja zikitambaa, zikipapasa, nyingine zikikosa na kurudi, mpaka kila mtu akawa ameshikwa. Koo zote zikasimama mstarini. Uliokuwa wa mwisho ni ukoo usiolingana, mwanamke mrefu na bwana mfupi sana ambao kanda zao zinafanana kwenye ncha tu. Hao walikuwa wameshikana kwa kifundo kimoja kidogo kwenye vidole, wakikitazama wote wawili kana kwamba ni yai.

Bwana Shaame akapita mbele ya kila jozi.

"Mnavutwa?"

"Tunavutwa."

"Mnavutwa?"

"Tunavutwa."

Jozi moja ikiwa bado, wote husubiri. Alipomfikia Sikudhani, akagusa kifundo kwa kidole kimoja. Kilikuwa kimekaza kama uzi wa zeze. Nilimwona akifumba macho kidogo. Sikudhani ametazama Mashariki, Somo Magharibi, migongo yao inagusana.

Walinzi wa mishipi nao walikuwa kazini, wamepiga magoti wameshika mishipi ya mapacha kwa mikono yao, kwa sababu katika utengano huu wa kwanza ni masomo tu wanaoachana. Mapacha hubaki pamoja. Zamu yao huja baadaye.

"Somo," akasema Sikudhani, bila kugeuka.

"Naam, somo."

"Ungebisha hodi zamani, ningefungua."

"Najua. Hata mimi ningefungua."

Bwana Shaame akashusha mkono.

Nilitarajia kelele. Hapakuwa na kelele. Vifundo havikukatwa, viliteleza taratibu kuelekea mwisho wa kanda, vikafika nchani, vikafunguka vyenyewe. Watu wa mstari mmoja wakawa watu wa mistari miwili, na kati yao uwanda ukazidi kupanuka. Kutoka Magharibi nilisikia mtu akiimba wimbo wa mama na mvua. Hakuwa na sauti nzuri, alikuwa mgeni wa wimbo, lakini hakukosea neno. Tulimsikia mpaka tukawa hatujui kama tunamsikia au tunakumbuka.

Mimi sikuwa na kamba. Hakuna aliyeniuliza niende wapi. Nilimkuta Bwana Shaame ameketi chini katikati ya uwanda mtupu, akikunja kitambaa chake.

"Unakwenda na nani wewe?" nikamuuliza.

"Watu kama sisi hatuna ukanda, dada. Tulitengenezwa kwa ajili ya kazi hii. Ikiisha tunafumuliwa."

"Lini?"

"Nadhani ndiyo inaanza," akasema kwa adabu, akaniomba nisimcheleweshe Sikudhani. Nilipogeuka mara ya pili kulikuwa na kitambaa kilichokunjwa, na pembeni yake hapakuwa na mtu.

Nikamfuata Sikudhani Mashariki.

Nchi ya huko ilikuwa ndogo na safi, na kila jina liliitwa mara moja tu. Hicho ndicho walichoshindwa kukizoea. Mtu aliita jirani yake, akangoja mwitikio wa pili kutoka nyumba nyingine, kisha akakumbuka. Siku zile za mwanzo watu walisalimiana kupita kiasi, walibishiana hodi mpaka usiku, wakaletana vyakula wasivyovihitaji. Baadaye ikapungua. Nilimwona Bwana Mwinyikai akiandikisha wanachama wa chama kipya cha Wasafi. Alikuwa amepata wengi, wa Kuukeni na wa Kuumeni pia, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka sawasawa nani ni nani.

Nilikuwa nimekwisha funga robota langu, nakwenda kumuaga Sikudhani, tangazo lilipotolewa: mishipi itafunguliwa. Mapacha nao wataachana, kila mmoja aende njia yake. Nikawakuta wameketi kizingitini, wamefungwa kiunoni lakini wanatazama pande mbili, kama watu wanaosubiri kuhudumiwa dukani.

"Unaogopa?" akauliza yule wa kushoto.

Yule wa kulia akashtuka. "Hatujawahi kuulizana kitu."

"Hatukuwa na haja. Ulichojua wewe nilikijua."

"Na sasa?"

"Sasa sijui. Tangu kule uwanjani, nikicheka unaniogopa. Na wewe jioni ukifungua mdomo, unaufunga tena ukiniona." Akafikiri. "Kuna kitu unanificha?"

"Sikifichi. Naona haya kuwa nacho peke yangu."

Nilitaka kuondoka, lakini robota lilikuwa mlangoni na wao wameuziba mlango. Nikabaki nimesimama ndani, kimya, kama nilivyokuwa nimesimama ndani ya nyumba nyingi.

"Basi nisikilizishe," akasema wa kushoto. "Kabla hawajaja."

Yule wa kulia akaimba. Aliimba wote, tangu mama anapotoka mlangoni mpaka mtoto anapoonekana njiani, mvua ikimfuata. Mwenzake alisikiliza ameinamisha kichwa, hakukosa hata neno moja, na usoni mwake hapakuwa na dalili yoyote kwamba amewahi kuusikia. Wimbo ulipokwisha akamgeukia kwa heshima, kama mtu anavyomgeukia mgeni aliyemtendea wema.

"Ni mzuri," akasema. "Nani alikufundisha?"

Yule wa kulia alimtazama.

"Mama," akasema. "Mama yetu."